Waya wa Honi na Maziwa ya Jioni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala kwa kochi, simu juu ya tumbo, kaeni vizuri kwanza. Sitaki kusomwa na mtu aliyelala. Nataka kuwaambia mambo ya utoto wetu huku kwa majani chai, na siwaombi mniamini haraka. Mimi mwenyewe siamini haraka. Nyumbani kwetu, ukiambiwa ng'ombe ameshakamuliwa, ulienda ukashika chuchu ndio ukakubali.

Kwetu kulikuwa chini kidogo ya Litein. Asubuhi za wakati ule zilikuwa na baridi yenye meno. Ukungu ulilala juu ya chai mpaka jua lipate nguvu, na sisi tulipita katikati ya mistari bila viatu, nguo zimelowa mpaka kiunoni, tukichuma majani mawili na kichipukizi kabla ya kukimbia shule. Mwalimu alikuwa anatuuliza kwa nini tunanuka moshi. Nani hakunuka moshi? Tulilala karibu na moto, tukaamka karibu na moto. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kujua kama mtu ananidanganya, hiyo hesabu sikuhitaji mwalimu.

Michezo yetu haikuwa na chaji. Tulichuma matunda ya labotwet, yale madogo ya manjano yasiyoliwa, tukayafanya ng'ombe. Ulijenga boma kwa vijiti, ukapanga mifugo yako, ukaipa majina. Kisha unaenda kuchota maji, ukirudi unakuta dume lako liko kwa boma la dada yako. "Huyu ni wangu, ana doa!" "Doa gani? Hilo ni tope!" Tulipigana tukavutana nywele. Siku hizi mtoto analia kwa sababu simu imezima. Sisi tulilia kwa sababu tumeibiwa ng'ombe, na hiyo ilikuwa sababu ya maana.

Jioni ndiyo ilikuwa tamu. Ugali wa wimbi, mboga ya isagek iliyopikwa na maziwa, na mursik ya mama, yale maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu. Mama yangu aliosha vibuyu vyake kwa kijiti cha mti wa senetwet kinachowaka, akavisugua ndani mpaka harufu yake ikaingia kwenye maziwa. Kibuyu kikipasuka hakukitupa. Alitoboa pembeni mwa ufa kwa sindano ya moto, akashona kwa uzi mwembamba wa ngozi, mshono wa kupishana kama nyayo za kuku, na mwisho wa uzi akafunga ushanga mmoja wa buluu. Kila mwanamke alikuwa na mshono wake. Vibuyu vikichanganyika kwenye sherehe, hakuna aliyegombana. Uliangalia mshono ukajua hiki ni cha nani. Nyinyi leo mnanunua maziwa ya pakiti, na pakiti zote zinafanana kama vifaranga.

Baba yangu alikuwa mtu wa kushuku. Alikuwa anasema, "Mtu mwaminifu ni yule hujamchunguza vizuri." Alikuwa na pikapu ya kijani aliyonunua ikiwa imeshazeeka, akaipaka paa rangi nyeupe. Tukaiita Lelmet, mwenye kichwa cheupe, kama unavyomwita ng'ombe, na alipoiosha aliongea nayo kama ng'ombe. Hakumwachia fundi yeyote aiguse. Fundi, alisema, anatengeneza kitu kimoja na kulegeza kingine, ili urudi. Kwa hivyo waya zote za Lelmet alizifunga mwenyewe.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu vijana wengi hamjui. Kwetu maziwa ya asubuhi yalikuwa ya baba. Ya kuuza. Maziwa ya jioni yalikuwa ya mama. Ya watoto, ya vibuyu, ya jirani aliyejifungua. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, na hakuna aliyeivunja. Lakini baba alipoanza kupeleka maziwa Litein kila asubuhi kwa pikapu, akaona mkebe wake una nafasi. Akasema maziwa ya jioni nayo yataenda. Yatawekwa kwenye mkebe nyuma ya Lelmet, baridi ya Kericho itayalinda mpaka asubuhi, kisha yanaenda pamoja na mengine.

Mama alichukua jembe akaenda shambani, akalima mpaka giza.

Haukupita muda mrefu, mkebe wa jioni ukaanza kupungua. Baba aliupima kwa kijiti jioni, akaupima tena asubuhi. Ulikuwa umeshuka. Nyumba nzima tukaangaliwa kwa jicho la pembeni. Aliyeangaliwa zaidi alikuwa Omare.

Omare alikuwa kijana aliyetoka upande wa Kisii. Alichuma chai kwenye shamba kubwa kwanza, halafu baba akamchukua amkamulie ng'ombe na kumsaidia kubeba mikebe. Alilala kwenye kibanda karibu na pale Lelmet ilipoegeshwa. Alitufundisha sisi watoto kupiga mluzi kwa jani. Alikuwa mcheshi, na baba hakupenda mtu mcheshi. Alisema mtu anayechekesha anataka uangalie mdomo wake ili usiangalie mikono.

Basi baba akafanya ujanja wake. Alivuta waya kutoka kwa honi, akaupitisha chini ya mbao za sakafu ya nyuma mpaka kwa mlango wa nyuma wa pikapu. Mlango ukifunguliwa, waya unagusa chuma, honi inalia. Mama ndiye aliyemshikia mbao juu ili apitishe. Omare alimpa plaizi ya kukatia waya. Mimi niliwekwa kwa mlango wa nyuma.

"Fungua!" baba akaniambia.

Nikafungua. Honi ikalia piiii, kuku wakaruka juu ya paa la jikoni, Omare akacheka akakaa chini. Mama naye alicheka kidogo, mkono mdomoni. Baba hakucheka. Alisema, "Sasa tutaona."

Hatukuona kitu. Asubuhi baba alichomoa waya wa honi kule mbele kabla ya kufungua mwenyewe, lakini usiku honi haikulia hata mara moja, na mkebe uliendelea kupungua.

Baba akapiga hesabu yake: aliyefungua bila honi kulia anajua waya unapita wapi, na aliyejua ni yule aliyeshika plaizi. Asubuhi moja akamtolea Omare vitu vyote nje. Akakung'uta blanketi, akainusa sufuria, akapekua mpaka nyasi za kulalia. Hakupata hata harufu.

"Mwizi hodari ndiye haachi harufu," baba akasema.

Omare hakuwa anacheka tena. Alisema, "Mzee, mimi maziwa yenu nayajua kwa chai tu, ile Mama ananiwekea. Muulize."

Baba hakuuliza. Mama alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni, uso kama jiwe la kusagia. Omare alipofika barabarani na mzigo wake, mama akamfuata mbio, akampa kibuyu cha mursik cha kunywa njiani. Baba akatikisa kichwa: "Huyu mama yenu ana huruma hata kwa mwizi." Jioni ile akakaa kula, akamiminiwa mursik, akaisifu.

Jina la mwizi halifi. Tulikua tukiambiwa, "Usicheke sana kama Omare," na nikawaambia watoto wangu hivyo hivyo. Baba akafa, mama akafa. Lelmet ikabaki kwa kaka yangu, naye alipofariki ikaletwa kwangu ikivutwa na trekta. Imekaa kwa banda langu kuku wakitaga kwa kiti cha dereva.

Sasa mwaka huu, mjukuu wangu Chebet, anayeniita Gogo, yaani bibi, akaja na mambo yake. Amepata kijana, anaitwa Dennis, fundi wa waya za magari pale Litein, na watu wa kijana wanataka kuja koito, ile siku ya kuomba msichana. Mimi nikauliza kama anavyouliza mtu mzima: baba yake nani, babu yake nani, wanatoka wapi.

"Wanakaa Kedowa, Gogo. Babu yake ni Mzee Omare. Bado yuko, ingawa miguu imemkataa. Anasema zamani alifanya kazi huku kwa mtu mwenye pikapu."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia hapana.

Chebet alilia siku nyingi. Kijana wa siku hizi akilia hajifichi. Analia jikoni, analia kwa simu, analia akikatakata vitunguu na hujui ni kipi. Baba yake, mwanangu Joel, akaja kunibembeleza. "Mama, hayo ni ya zamani." Nikamwambia damu pia ni ya zamani. Kisha Dennis mwenyewe akatuma salamu: amesikia kuna gari la mzee limelala, anaomba alifufue limpeleke Chebet kanisani, kama tutafika huko.

Hapo nikakubali. Msidhani moyo ulilainika. Nilitaka aje. Mwizi humjui akiwa mbali. Unampa kazi, unaweka kigoda, unakaa.

Akaja na betri na mkoba wa vyombo. Nikakaa na fimbo yangu. Niliacha kisu kizuri juu ya ukuta, niliacha mayai, niliacha na leso yangu ikiwa imefungwa fundo kama iliyoficha kitu. Hakugusa. Nikasema moyoni, huyu ni mjanja kuliko babu yake.

Kazi ya waya za Lelmet ilikuwa ngumu. Baba alizifunga kwa akili yake peke yake, na miaka imezifanya zote rangi moja, rangi ya udongo. Dennis alikuwa na taa ndogo yenye nyaya mbili; anashika huku, anagusa kule, ikiwaka anajua. "Hii ni ya taa za mbele." Anafunga kipande cha tepu. "Hii ni ya kupangusa kioo." Anafunga. Aliongea na kila waya kama mtu anayeita ng'ombe kwa jina, na mimi nikakasirika, kwa sababu alinikumbusha baba.

Mwisho ukabaki mmoja.

"Gogo, hii sielewi. Inatoka kwa honi inaenda nyuma. Honi ina kazi gani nyuma?"

Joel akasema, "Kata tu."

"Hakuna kukata!" nikasema. Nikasimama. Huu ndio waya niliokuwa naungoja. Nikawaeleza yote, Chebet akiwa pale pale na kikapu cha mayai. Mkebe, mlango, honi iliyokataa kulia. Nikamwambia Dennis, "Toa mbao, fuata waya. Utakuta mahali babu yako aliukata. Nataka uone kwa macho yako, usiseme Gogo ana roho mbaya."

"Mama!" Joel akasema.

"Sawa, Gogo." Dennis alijipangusa mikono polepole. "Nikikuta umekatwa, nitafunga mkoba niende, na watu wetu hawatakuja. Nisipokuta?"

"Utakuta."

Chebet hakulia siku ile. Alisimama tu.

Mbao zilitoka na kutu na mavi ya panya. Dennis akaingiza mkono, akavuta waya mpaka mwisho wake ukatoka kwenye mwanga. Ulikuwa umekatwa karibu na mlango wa nyuma, na kipande kilichobaki mlangoni kilionyesha ncha safi ya kisu. Mimi nikaanza kusema, "Mmeona?" Kisha nikainama kuangalia vizuri.

Ncha ya waya haikuwa wazi. Ilikuwa imevikwa kipande cha ngozi, kigumu kama kucha, kimeshonwa.

"Aliyekata hii alikuwa anajua," Dennis akasema, akiigeuza geuza. "Angeacha wazi ingegusa bodi, honi ilie. Akaivalisha." Akainua karibu na macho. "Lakini ushanga ni wa nini?"

Ulikuwa mmoja, wa buluu. Na mshono ulikuwa wa kupishana, kama nyayo za kuku.

Wote walikuwa wananiangalia na hakuna aliyejua ninaangalia nini. Ni mimi peke yangu niliyebaki duniani ninayeweza kuusoma ule mshono. Mbali na baba na mimi mtoto, watu wawili walikuwa pale waya ukipitishwa, mmoja na plaizi, mwingine ameshika mbao, na baba akamshuku mmoja tu. Alipekua nyasi za Omare lakini vibuyu vya mkewe hakuvifungua, kwa sababu mwanaume wa kwetu hafungui vibuyu vya mkewe. Alikuwa anamtafuta mwizi wa maziwa huku anayanywa kila jioni na kuyasifu. Na mama hakuiba. Alichukua maziwa ya jioni, na maziwa ya jioni yalikuwa yake. Lakini alisimama mlangoni akanyamaza mtu akiitwa mwizi. Mama yangu. Niliyemwita mtoto wangu wa kwanza kwa jina lake.

Dennis alikuwa ameanza kukusanya vyombo. Kisha akasimama, akasema kitu ambacho mtu mwenye akili angemeza.

"Gogo, sitaki ujue baadaye kutoka kwa mtu mwingine. Mshono huu nimeuona. Nyumbani kwetu Kedowa, kwa Babu. Kuna kibuyu kimoja cha zamani kimeshonwa hivi hivi, na ushanga kama huu. Hataki mtu akiguse."

Joel akashika kichwa. "Basi umemaliza mwenyewe."

Na kweli angekuwa amemaliza. Ningenyamaza tu, angebeba mkoba wake akashuka barabarani kama babu yake, safari hii bila hata kibuyu. Nilimwangalia kijana huyu aliyejitolea ushahidi mwenyewe, nikautafuta ule ujanja nilioungoja siku zote zile nikiwa kwa kigoda. Siku hiyo niliukosa. Kesho nitautafuta tena, lakini siku hiyo niliukosa.

"Weka mkoba chini," nikamwambia. "Huo mshono ni wa mama yangu."

Nikawaambia yote. Chebet alikaa chini kwa udongo na kikapu chake, akacheka na kulia pamoja. Hawa watoto hawajui kufanya kitu kimoja. Dennis hakucheka. Aliuliza swali moja: kama Babu yake alijua. Nikamwambia mtu aliyetunza kibuyu kile miaka yote na kukataza kiguswe, fikiria mwenyewe. Alijua ni nani aliyechukua maziwa, na angeweza kusema. Hakumtaja mwanamke aliyekuwa akimwekea maziwa kwa chai.

Joel alinifuata jikoni baadaye, sauti chini. "Mama, watu waje, tule, tumalize. Hayo ya Bibi yabaki hapa hapa. Unataka kumfukua kaburini mbele ya wageni, mbele ya mchungaji?" Ana maana nzuri, Joel. Anapenda amani kama vile mtu anavyopenda blanketi. Hata Dennis alisema naweza kumtuma yeye apeleke neno Kedowa kwa simu. Nikakataa. Mtu hakufukuzwa kwa simu.

Enzi zetu tulinyamaza sana, na tuliita hiyo heshima. Nyinyi wa sasa mtu akichukuliwa kitu chake kidogo anapiga kelele, dunia yote inajua kabla ya chai kuchemka, na mimi nimewacheka sana kwa hilo. Nikiona mke wa Joel akiuza maziwa ya jioni na pesa inaingia kwa simu yake mwenyewe, nilikuwa nasema wanawake wa siku hizi hawana adabu. Bado nakosa ladha ya ile mursik. Nakosa harufu ya senetwet, nakosa ukungu, hata ile baridi. Lakini sasa nikiikumbuka inashuka kooni na kitu ndani yake, na sitaki wajukuu wangu wanywe hivyo.

Kwa hivyo siku moja kabla ya koito niliwaita wote jikoni, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kesho Mzee Omare akishakalishwa, mimi nitasimama niseme jina la mama yangu na alichofanya. Na mtu yeyote wa nyumba hii asithubutu kunivuta nguo niketi kabla sijamaliza."